SOMO LA SOKO: Saruji, asilimia 35 na mwenye hisa chache

Septemba 2022, Baraza la Ushindani lilifuta kibali ambacho Tume ya Ushindani (FCC) ilikuwa imekitoa Aprili mwaka huo huo. Kibali hicho kiliiruhusu Scancem, mmiliki mkuu wa kiwanda cha Twiga cha Wazo Hill, kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba. Makampuni yote mawili yameorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Tanga tangu 2002 na Twiga tangu 2006. Kwa hiyo uamuzi ule uligusa mifuko ya watu wengi ambao hawajawahi kuingia katika chumba cha mahakama wala kusikia jina la Scancem.

Kilichozua mzozo ni namba moja katika sheria: asilimia 35. Mwekezaji mdogo na mwenye duka la vifaa vya ujenzi wanaweza kujifunza mengi katika kesi hii, kwa sababu mambo yenyewe bado yapo na yatarudi kwa majina mengine.

Ilikotoka

Viwanda vitatu vikongwe vya saruji nchini vilikuwa mali ya umma. Wazo Hill kilianza kuzalisha 1966, Tanga 1980 na Mbeya 1983. Enzi hizo hakuna aliyezungumza juu ya ushindani. Tume ya Bei, iliyoanzishwa 1973, ndiyo iliyopanga bei, na kila kiwanda kilikuwa na eneo lake: Wazo kulisha Dar es Salaam na mikoa ya jirani, Tanga kulisha kaskazini, Mbeya kulisha nyanda za juu kusini. Saruji ilipoadimika, mwenye kibali ndiye aliyejenga, na mlanguzi ndiye aliyetajirika.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulibadili wenye mali lakini haukubadili ramani. Tanga iliuzwa 1996 kwa Waswisi wa Holderbank na baadaye ikaishia mikononi mwa AfriSam ya Afrika Kusini. Wazo Hill iliingia kwa Scancem, ambayo nayo ilimezwa na Heidelberg ya Ujerumani mwishoni mwa muongo huo. Serikali ilipoachia bei ilitunga Sheria ya mwaka 1994 ya kusimamia biashara ya haki, kisha ikaja Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 iliyounda Tume na Baraza. Yaani kwa miaka kadhaa bei ilikuwa huru huku mwamuzi akiwa bado hajajua vizuri kupuliza filimbi.

Mshindani aliyetikisa meza ni Dangote, aliyefungua kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka huko Mtwara mwaka 2015. Bei zilishuka, na wenye viwanda wa zamani wakalazimika kupunguza faida. Tanga Cement ilipata pigo baya zaidi, kwa kuwa ilikuwa imejenga tanuri la pili kwa mkopo mkubwa wa fedha za kigeni, na mkopo haungoji bei ipande.

Soko ni lipi?

Kabla ya kuhesabu asilimia, sheria inataka ijulikane soko lenyewe ni lipi. Hapo ndipo hoja nyingi hushinda au kushindwa.

Saruji ni bidhaa nzito ya bei ndogo. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Tuseme, kwa mfano tu, lori linatoza Sh 100,000 kwa tani hadi mkoa wa mbali: kila mfuko umekwisha kuongezeka Sh 5,000 kabla mwenye duka hajaweka faida yake hata senti. Ndiyo maana mfuko wa Mtwara haushindani kwa urahisi na wa Tanga pale Moshi, ingawa kwenye takwimu za taifa yote ni saruji ya Tanzania. Mkandarasi wa Moshi hana viwanda vingi vya kuchagua. Akiambiwa kuwa nchi ina uwezo mkubwa kuliko mahitaji, habari hiyo haimpunguzii bei.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni: klinka. Saruji hupatikana kwa kusaga klinka pamoja na jasi na vitu vingine, na klinka hupikwa kwa mawe ya chokaa katika tanuri la gharama kubwa sana. Viwanda vingi vidogo havina tanuri. Vinanunua klinka, vinasaga, vinafungasha. Mwenye tanuri anaweza kumuuzia mshindani wake klinka asubuhi na kushindana naye dukani jioni. Mikono inayopika klinka ikipungua, msagaji mdogo anabaki kuomba bei nzuri kwa mtu yule yule anayetaka wateja wake. Anayetazama majina ya chapa yaliyopangwa dukani huona washindani wanane. Anayetazama matanuri huona wachache.

Hesabu ya asilimia 35

Sheria ya 2003, kama ilivyotumika katika kesi hii, ilisema kampuni ina nguvu ya kutawala soko ikiwa mambo mawili yametimia. La kwanza, kampuni inaweza peke yake kubana ushindani kwa kiasi kikubwa, kwa faida na kwa muda wa kutosha. La pili, sehemu yake ya soko inazidi asilimia 35. Muungano wa makampuni unaojenga au kuimarisha nguvu hiyo umekatazwa. Vigezo vya namna hii hurekebishwa na Bunge mara kwa mara, hivyo mwenye shauri mkononi asome toleo la sheria linalotumika siku hiyo.

Sasa asilimia 35 ya nini? Chukua nchi ya kufikirika yenye viwanda vya kuzalisha tani milioni 10, lakini inayouza tani milioni 6 tu. Kampuni A ina uwezo wa tani milioni 2 na inauza milioni 1.5. Kampuni B ina uwezo wa milioni 1.2 na inauza 800,000. Zikiungana, kwa kipimo cha uwezo zina milioni 3.2 kati ya 10, yaani asilimia 32. Ziko salama. Kwa kipimo cha mauzo zina milioni 2.3 kati ya 6, yaani zaidi ya asilimia 38. Zimevuka. Makampuni ni yale yale, mitambo ile ile, mwaka ule ule.

Mwanasheria wa mnunuzi atapenda hesabu ya kwanza, wa mpinzani ya pili. Na akitokea mtu wa kugawa nchi kwa kanda, namba zitabadilika tena na huenda zikapanda sana. Kwa mwenye kujenga nyumba, hesabu ya mauzo ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa tanuri lililozimwa halishindani na mtu.

Waliokata rufani katika shauri la Tanga walikuwa kampuni ya Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji. Baraza lilikubaliana nao kuwa muungano ungevuka mpaka uliowekwa na sheria.

Mlango wa pembeni

Hata hivyo sheria haikufunga kila mlango. Iliacha nafasi ya msamaha ikiwa muungano una manufaa kwa umma yanayozidi madhara yake, au ikiwa kampuni moja inakaribia kufilisika na muungano ndiyo njia yenye madhara madogo zaidi kwa ushindani. Kampuni yenye madeni kama Tanga ilikuwa na la kusema hapo. Maombi mapya yalipelekwa, Tume ikatoa kibali kingine mwaka 2023, mabishano yakaendelea, na mwishoni mwa mwaka huo Scancem ikakamilisha ununuzi.

Hoja ya kufilisika inastahili kupimwa kwa mashaka ya haki. Kampuni inaweza kuwa na mizania mbaya na mitambo mizuri. Deni likipangwa upya, au mnunuzi mwingine akipatikana, tanuri litaendelea kuwaka chini ya mwenyewe tofauti. Swali la maana kwa msimamizi ni kama wanunuzi wengine walitafutwa kwa dhati na kwa bei gani. Na kwa kweli mnunuzi mwingine alipatikana: mwaka 2024 hisa nyingi za Tanga zilitoka kwa Scancem kwenda kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania.

Mwenye hisa chache

Katika hekaheka zote hizo, kulikuwa na wanaomiliki asilimia 31.67 iliyobaki, baadhi yao wananchi wa kawaida walionunua wakati wa kuorodheshwa. Bei iliyotangazwa Oktoba 2021 kwa kile kifurushi cha asilimia 68.33 ilikuwa kama Sh 137 bilioni. Ikigawanywa kwa hisa zilizouzwa, inazidi Sh 3,100 kwa hisa moja, juu sana ya bei iliyokuwa ubaoni wakati ule. Kwa kuwa kanuni za masoko ya mitaji humtaka anayeshika usukani wa kampuni iliyoorodheshwa kuwapa wengine nafasi ya kuuza, watu walianza kununua hisa za Tanga wakitarajia malipo ya haraka.

Walisubiri miaka miwili. Waliokopa ili wanunue walilipa riba miaka miwili. Kosa lao lilikuwa kuchukua bei ya mkataba kama bei ya hakika, wakati mkataba wenyewe ulikuwa na sharti: kibali cha Tume, kisha rufani ikitokea. Hisa inayosubiri kibali huuzwa chini ya bei ya mkataba kwa sababu hiyo, na pengo kati ya bei mbili ni kipimo cha hofu ya soko. Pengo likiwa kubwa, dalali anayesema ni fedha ya bure aulizwe kwa nini wakubwa hawaiokoti.

Kwa mwenye hisa za Twiga mambo yalikuwa tofauti kidogo. Ununuzi uliofanywa na mzazi wake ungeweza kumpunguzia mshindani, lakini faida hiyo hiyo ndiyo iliyowaita wasimamizi mlangoni.

Mwenye duka naye yumo

Wafanyabiashara wengi hudhani sheria hii ni ya wakubwa tu. Sivyo. Mapatano kati ya washindani ya kupanga bei, kugomea mtu kwa pamoja au kupangana katika zabuni yamekatazwa bila kujali ukubwa wa soko lao. Wenye maduka matano wa mtaa mmoja wakikaa kwenye kahawa na kukubaliana kuwa mfuko hautashuka chini ya bei fulani, wameingia humo. Hali kadhalika wakandarasi watatu wanaopeana zamu ya kushinda zabuni za halmashauri. Sheria ya 2003 iliweka faini ya kati ya asilimia 5 na 10 ya mauzo ya mwaka, na kwa duka la saruji, ambalo faida kwa mfuko ni ndogo na mauzo ni makubwa, asilimia 5 ya mauzo inaweza kumeza faida yote ya mwaka.

Novemba 2020, bei ilipopanda ghafla mikoani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliagiza uchunguzi, na waliotembelewa kwanza walikuwa wenye maduka na mawakala. Mwenye stakabadhi za kiwandani na za lori alikuwa na majibu. Aliyenunua kwa mdomo hakuwa nayo. Mkandarasi mdogo mwenye mkataba mfupi wa bei isiyobadilika, yeye hakuulizwa na mtu. Alimalizia jengo kwa hasara.

Sasa Amsons, yenye saruji ya Camel ya Dar es Salaam, imekwisha kununua pia hisa za Holcim katika kiwanda cha Mbeya, na kwa kuichukua Tanga imepata matanuri mawili ya zile enzi za umma, moja kaskazini na jingine kusini. Sheria haiulizi uraia wa mwenye mali. Kwa msagaji asiye na tanuri, na kwa wakala anayeletewa mkataba wenye sharti la kuuza chapa moja tu, hesabu ya nani anapika klinka na anaipeleka wapi inaanza upya.