Mabuti ya Mlimani: Anza Kukagua Soli

Boom likiingia na safari ya mlimani ikitangazwa, wengi tunakimbilia Karume kusaka mabuti ya ngozi ya mtumba. Si vibaya. Mtumba mzuri unakufikisha Meru au Kilimanjaro na kukurudisha salama. Shida ni kwamba tunanunua kwa macho: ngozi inang'aa, bei chee, basi. Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo nivumilieni nifundishe kidogo.

Soli kwanza. Mabuti mengi ya mlimani yana tabaka laini la poliyurethani kati ya ngozi na mpira wa chini. Unyevu hulila taratibu kwa miaka, hata kama kiatu kimekaa tu kabatini. Ngozi inabaki nzuri huku soli inageuka ungaunga. Tulipopanda Meru, soli ya mwenzetu iliachia wakati wa kushuka, kwenye changarawe juu ya Saddle Hut. Tuliifunga kwa kamba, akashuka akichechemea hadi jioni. Kwa hiyo kikunje kiatu, ubinye ubavu wa soli kwa dole gumba. Ukiona nyufa au vipande vinamong'onyoka, kirudishe mezani. Usijidanganye kwamba fundi atashona. Uzi utashika nini?

Pili, ngozi. Tafuta iliyo nene, yenye mishono michache, maana maji hupenyea kwenye mishono. Ulimi uwe umeshonwa pande zote mbili hadi juu ili mchanga na maji visiingie.

Tatu, mguu wako. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi nene. Kabla ya kufunga kamba, sogeza mguu mbele kabisa: kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kisha funga kamba, ushuke ngazi. Vidole vikigonga mbele, hicho si chako, hata ukipewa bure. Mlimani kucha huumia zaidi wakati wa kushuka.

Ukishanunua, vivae wiki kadhaa hapa hapa chuoni, darasani na kantini, mpaka vizoee mguu. Vikilowa, vikaushe kivulini. Moto hupasua ngozi na kulegeza gundi.

Muuzaji akikuharakisha, mwambie asante, nenda meza inayofuata. Anayekukataza kubinya soli ameshakujibu.