Redio Yako, Siri ya Mwenzako
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Gitega na Muyinga

1. Je, nina haki ya kusikiliza redio za nje?
Ndiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 19, unampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka. Burundi ilijiunga nao 1990, na Katiba ya 2018 inaihesabu mikataba ya haki za binadamu iliyoridhiwa kuwa sehemu yake. Kwa hiyo mkulima wa Muyinga anayezungusha kitufe jioni akaikamata Radio Kwizera ya Ngara, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, anatumia haki yake sawasawa na anayesikiliza redio ya taifa, RTNB, mjini Gitega.

2. Na mazungumzo ya watu yakiingia redioni?
Hayo si yako. Simu za upepo za walinzi au za gari la wagonjwa hupita hewani kama matangazo, ila zimekusudiwa mtu maalumu. Katiba inalinda maisha ya faragha katika kifungu cha 28, na siri ya mawasiliano katika kifungu cha 43. Kanuni za Redio za shirika la mawasiliano duniani, ITU, kifungu cha 17, zinazitaka nchi zizuie kunasa mawasiliano yasiyokusudiwa umma bila idhini, na pia kuyaeneza. Hata kutangaza tu kwamba mazungumzo hayo yalikuwapo kunakatazwa.

3. Nifanye nini nikiyanasa bila kukusudia?
- Hama stesheni mara moja.
- Usirekodi.
- Usiyasimulie sokoni wala kuyatuma kwa WhatsApp. Ukisikia jina la mgonjwa anayekimbizwa hospitali, wenye kuwaarifu majirani ni jamaa zake, si wewe.

4. Nikitaka kurusha mawimbi mwenyewe?
Kwanza omba kibali cha ARCT, inayogawa masafa nchini. Kituo cha matangazo kinahitaji pia idhini ya Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC.

5. Sheria za siri ya mawasiliano zinanilinda vipi?
Mazungumzo yako nayo yana kinga. Hakuna jirani, mwajiri wala ofisa anayeruhusiwa kuyaingilia kinyume cha utaratibu wa sheria.

Ndugu msomaji, wasomee kijitabu hiki wa nyumbani kwako. Sikilizeni habari kwa uhuru, na siri ya mtu mwachieni mwenyewe.