SOMO LA AFYA: KWA NINI MAGOTI YA WENGINE HUCHAKAA MAPEMA?

Tukitembelea nyumba kwa nyumba tunasikia: "Mama aliumwa magoti, dada yangu naye vilevile, bila shaka tumerogwa." Wengine huuza posho yao ili wanunue sindano kwa wachuuzi. Soma somo hili kabla hujafanya hivyo.

1. Gegedu ni nini?
Mifupa inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu, ile sehemu nyeupe inayoteleza unayoiona kwenye goti la mbuzi. Gegedu lina maji mengi na protini. Agrikani hushika maji ili kupunguza mshindo. Kolajeni ya aina ya pili ni nyuzi zinazolishikilia gegedu lisipasuke. Waliofika Kigali wanajua makutano ya Sonatubes, yaliyopata jina kutokana na kiwanda cha mabomba. Fundi yeyote wa hapo atakuambia kuwa zege bila nondo hupasuka. Kolajeni ndiyo nondo ya gegedu.

2. Urithi unaingiaje?
Mwili hutengeneza protini kwa kufuata maagizo yaitwayo jeni, tunayoyapata kwa baba na mama. Jeni ya kolajeni hii inaitwa COL2A1. Mwaka 1990, Leena Ala-Kokko na wenzake walieleza ukoo mmoja ambao jeni hiyo ilibadilika mahali padogo sana: kipande kimoja tu cha protini, cha 519, kikawa kingine. Nyuzi zikawa dhaifu, na wenye badiliko hilo wakaugua viungo mapema.

Badiliko kubwa namna hiyo ni nadra. Kwa wengi wetu ni tofauti ndogo ndogo katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Utafiti wa mapacha wanawake nchini Uingereza, mwaka 1996, ulikadiria kuwa urithi unaeleza asilimia 39 hadi 65 ya tofauti kati ya watu katika kuchakaa kwa magoti na mikono.

3. Je, mtoto wangu lazima augue?
Hapana. Jeni si hukumu. Umri, unene, jeraha la zamani na mizigo mizito navyo vinachangia. Kwa hiyo msimnyime binti mchumba kwa sababu ya magoti ya bibi yake, wala msimshtaki jirani kwa uchawi.

4. Ufanye nini?
- Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa takriban kilo 20. Ukiweza, beba nusu, urudi mara ya pili.
- Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi 5, ushushe. Rudia mara 10 kila mguu. Misuli imara hulinda goti.
- Usiache kutembea. Kulala siku nzima hudhoofisha misuli.
- Usimeze dawa za maumivu za sokoni kila siku. Baadhi husababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo.
- Goti likivimba ghafla, likawa la moto na una homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda si kuchakaa, bali ni maambukizi.

Maswali ya kujadili nyumbani:
a) Kolajeni ina kazi gani?
b) Nani katika ukoo wetu anaumwa viungo, na tumsaidieje kubeba maji?

Msomee na jirani asiyejua kusoma. Afya njema!