Aliyekuwa akitoa amekufa: funzo kutoka kwa Sultani wa Kilwa

KATIKA historia ya Uislamu wa pwani yetu, Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa anastahili kusomwa kwa mazingatio. Zama zake, mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa. Aliupanua Msikiti Mkuu, akajenga kasri la Husuni Kubwa na kupiga sarafu za shaba kwa jina lake.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anaeleza kuwa watu walimwita Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Alikula pamoja na mafakiri. Khumsi ya ngawira aliigawa kama ilivyoagizwa katika Qur'an (8:41). Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Akaenda kubadili, akampa. Kweli, ngawira hiyo ilitokana na vita, na miongoni mwa zawadi zake walikuwamo watumwa. Hilo tusilifumbie macho.

Lakini tutazame kilichofuata. Alipofariki, alitawala nduguye, Daud. Huyu, anasema Ibn Battuta, akiombwa alijibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Kumbe ukarimu wote ule ulining'inia kwenye mkono wa mtu mmoja! Kasri likaachwa. Msikiti nao uliporomoka, lakini ulijengwa upya karne ya 15, kwa sababu ulikuwa wa umma.

Nayaandika haya nikiwa Mbozi Mission, ambapo jina la mahali lenyewe ni somo. Wamoravian walianza misheni hapa mwaka 1899. Waanzilishi wamekufa zamani, hospitali ya misheni ingali inatibu watu wa dini zote.

Sisi je? Vwawa na Tunduma tunao wafanyabiashara Waislamu wanaotoa sana kila Ramadhani, Allah awalipe. Lakini akizikwa mfadhili, futari nayo huzikwa. Tunachohitaji ni waqfu: fremu ya duka, kiwanja, au shamba la kahawa, lenye hati na wasimamizi waaminifu, mapato yake yasomeshe watoto.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Basi mwenye fremu tano Tunduma, aiandikishe moja kuwa waqfu angali hai. Asisubiri warithi waje kutoa jibu la Daud.