Bakteria katika Mabwawa ya Kuogelea ya Hoteli: Uangavu wa Maji Si Ushahidi wa Usalama

Utangulizi

Mwishoni mwa juma, hoteli nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar hupokea familia zinazolipa kiingilio ili watoto waogelee. Maji huonekana ya samawati na maangavu, hata vigae vya chini huhesabika. Siku mbili au tatu baadaye mtoto mmoja huanza kulalamika kuwa sikio linamuuma. Hupelekwa zahanati, huandikiwa amoksilini, kisha hurudishwa baada ya siku chache maumivu yakiwa yamezidi. Hakuna aliyeuliza kama mtoto aliogelea, na hakuna aliyepima maji ya bwawa. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Makala haya yanaeleza jinsi bakteria wanavyoingia na kudumu katika mabwawa ya hoteli, magonjwa wanayosababisha, na wajibu wa mhudumu wa afya, mwenye hoteli na mwogeleaji.

Bakteria hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni waogeleaji wenyewe. Kila anayeingia majini huacha jasho, mafuta ya ngozi, mabaki madogo ya kinyesi na, mara nyingine, mkojo. Ndiyo maana maabara hutafuta bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye huishi katika utumbo. Akionekana, ni ishara kuwa kinyesi kimeingia majini na kwamba dawa haikufanya kazi yake.

Chanzo cha pili ni mazingira. Pseudomonas aeruginosa hupenda sehemu zenye unyevu: kuta za bwawa, chujio, mipira ya maji na vinyago vya watoto. Hujijengea utando wenye utelezi unaomkinga dhidi ya dawa. Legionella naye hustawi katika maji ya uvuguvugu, hasa kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi. Kwa hiyo jakuzi, yaani beseni la maji ya moto yanayotoa mapovu, lina hatari kubwa kuliko bwawa la kawaida. Joto lake humaliza klorini upesi, na mapovu hurusha matone madogo ambayo watu huyavuta kwa pumzi.

Klorini hufanyaje kazi?

Klorini ikichanganyika na maji hutoa asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hasa wa bakteria. Kiasi cha asidi hiyo hutegemea kipimo cha pH. Maji yakiwa na pH ya 7.5, takriban nusu ya klorini huru huwa katika umbo hilo lenye nguvu. pH ikipanda hadi 8, hubaki takriban robo tu. Hivyo basi, bwawa linaweza kuwa na klorini ya kutosha kwa hesabu lakini dhaifu kwa utendaji.

Katika maji yenye miligramu 1 ya klorini huru kwa lita, pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25, E. coli wa aina hatari ya O157:H7 hufa kwa muda usiozidi dakika moja. Bakteria huyo akidumu bwawani, yamkini usimamizi una kasoro. Jua kali la Pwani huharibu klorini, wingi wa waogeleaji huimaliza, na umeme ukikatika pampu husimama na maji hayachujwi.

Harufu kali ya dawa nayo hupotosha. Watu wengi huidhani kuwa dalili ya usafi. Kwa kweli, mara nyingi hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, ambayo nguvu yake ya kuua bakteria ni ndogo. Mchanganyiko huohuo ndio huwasha macho na kukereketa koo.

Funzo kutoka Marekani

Kati ya mwaka 2000 na 2014, Marekani iliorodhesha milipuko 493 ya magonjwa yaliyotokana na maji ya kuogelea yaliyotiwa dawa. Watu wasiopungua 27,219 waliugua na 8 walifariki. Milipuko 157 ilihusishwa na hoteli na nyumba za wageni, idadi iliyozidi ya mahali pengine popote. Miongoni mwa milipuko ambayo kimelea chake kilithibitishwa, mingi ilisababishwa na Cryptosporidium, ambaye si bakteria na anaweza kustahimili klorini kwa siku kadhaa. Legionella alisababisha milipuko 57 na Pseudomonas 47. Angalau vifo sita kati ya vile vinane vilitokana na Legionella. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye wakaguzi na vipimo, hakuna sababu ya kudhani kuwa bwawa lisilopimwa ni salama.

Dalili na matibabu

Ugonjwa wa mfereji wa sikio la nje hutambulika kwa maumivu yanayozidi sikio linapovutwa au kinundu kilicho mbele ya tundu lake kinapobonyezwa. Tiba yake ya kawaida ni matone ya sikio yenye dawa ya kuua bakteria, pamoja na dawa ya maumivu. Vidonge au dawa ya maji ya kunywa havihitajiki kwa mgonjwa asiye na matatizo mengine. Kabla ya kutoa matone, kiwambo cha sikio kichunguzwe, kwa kuwa baadhi ya dawa huweza kudhuru usikivu kikiwa kimetoboka. Mgonjwa wa kisukari, mzee, au mwenye upungufu wa kinga apewe uangalizi wa pekee, kwani Pseudomonas anaweza kupenya hadi kwenye mfupa.

Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo, hasa sehemu zilizofunikwa na vazi la kuogelea, hutokea siku chache baada ya kuoga katika jakuzi. Kwa kawaida hupona vyenyewe.

Nimonia ya Legionella huanza kwa kawaida siku 2 hadi 14 baada ya kuvuta matone yenye bakteria. Amoksilini haimfikii bakteria huyu, kwa sababu hujificha ndani ya seli. Hutibiwa kwa azithromaisini au levofloksasini. Mtu mzima mwenye nimonia aulizwe kama alilala hotelini au alitumia jakuzi katika majuma mawili yaliyopita.

Wajibu wa hoteli na maofisa wa afya

Klorini huru na pH vipimwe kabla ya bwawa kufunguliwa na mara kadhaa mchana, na matokeo yaandikwe katika daftari. Klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita bwawani na 3 katika jakuzi. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kwa bwawa, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuwa E. coli na Pseudomonas kila mmoja awe chini ya 1 katika mililita 100 za maji.

Sampuli ya maabara ichukuliwe wakati waogeleaji ni wengi, si alfajiri bwawa likiwa tupu. Chupa iwe na thiosalfeti ya sodiamu ili kuzima klorini. Bila hiyo, dawa huendelea kuua bakteria njiani na maabara hutoa jibu la kuridhisha lisilo la kweli. Sampuli iwekwe kwenye ubaridi na ifikishwe maabara siku hiyohiyo.

Wajibu wa mwogeleaji

Mwogeleaji aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, asimeze maji, na akaushe masikio baada ya kutoka bila kuchokoa kwa kijiti. Mtoto apelekwe chooni mara kwa mara. Mwenye kuharisha asiingie majini kabisa. Tena, mzazi ana haki ya kuomba kuona daftari la vipimo. Hoteli inayopima haitaona taabu kulionesha.

Hitimisho

Jicho haliwezi kuona bakteria, na pua haiwezi kupima klorini. Usalama wa bwawa hujulikana kwa kipimo kilichoandikwa, na chanzo cha ugonjwa hufichuliwa na swali fupi katika chumba cha daktari: "Je, mgonjwa aliogelea hivi karibuni, na wapi?" Wagonjwa wawili au watatu wakitaja bwawa moja, taarifa ipelekwe kwa ofisa wa afya wa eneo hilo bila kuchelewa, ili maji yapimwe kabla familia nyingine hazijaingia mwishoni mwa juma linalofuata.