Kutazama picha za mji wako ukiwa Brussels: vidokezo

Mwaka 2016, kuanzia Mei hadi Agosti, jumba la sanaa la WIELS mjini Brussels lilitundika picha za Kinshasa na za miji ya machimbo ya Katanga. Mpiga picha alikuwa Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978. Mwenzake alikuwa Filip De Boeck, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Leuven aliyeitafiti Kongo kwa miaka mingi. Maonyesho yaliitwa Urban Now: City Life in Congo. Kuta zile zimeshabeba kazi nyingine nyingi tangu hapo, lakini picha za Baloji bado zinazunguka duniani, na Brussels haikosi maonyesho ya miji yetu. Vidokezo hivi ni vya ndugu anayeishi huko, au anayepita akiwa na saa mbili tatu za kutembea. Naamini kabisa kwamba mtu aliyekulia Lubumbashi, Bukavu, Mwanza au Mombasa anaingia pale kama shahidi, na ana haki ya kutazama kama shahidi.

1. Anza na jengo lenyewe

WIELS, katika manispaa ya Forest, ilikuwa kiwanda cha bia cha Wielemans-Ceuppens. Jengo ni la mwaka 1930, limechorwa na Adrien Blomme, na limekuwa jumba la sanaa tangu 2007. Chini bado yapo mapipa makubwa ya shaba yaliyotumika kupikia bia. Simama hapo kidogo. Wakati jengo hili lilipojengwa, shaba ya Katanga ilichimbwa na Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoanzishwa 1906. Waliopanda ghorofani mwaka 2016 wakakuta picha za Fungurume, mji wa machimbo wa Katanga, walikuwa wameshaiona shaba ikiwa chombo kinachong'aa. Juu wakaona ardhi inayotobolewa kuitafuta, na watu wanaoishi kando ya mashimo.

2. Picha kwanza, maandishi baadaye

Wageni wengi husoma maelezo ya ukutani, wakaitupia picha jicho moja, wakasogea. Wewe geuza. Maelezo ya Brussels huandikwa Kifaransa, Kiholanzi na mara nyingi Kiingereza, na yameandikwa kwa ajili ya mtu asiyeujua mji ule. Kuna mambo unayoyajua tayari. Nondo zinazochomoza juu ya nguzo zinakwambia mwenye nyumba ana nia ya kupandisha ghorofa nyingine akipata pesa. Tofali zilizopangwa kando ya ukuta na kuota majani zinakwambia pesa ilikwama, na pengine imekwama miaka mingi. Nguo iliyoanikwa, ndoo zilizopanga foleni bombani, namba ya simu iliyoandikwa ukutani kwa rangi: hizo zote ni habari.

Mfano mzuri katika kazi ya Baloji na De Boeck ni mnara wa Limete, Kinshasa, jengo la ghorofa 12 ambalo mwenyewe alilipandisha kidogo kidogo kwa akili yake. Wawili hao waliufanyia filamu, The Tower: A Concrete Utopia. Mtazamaji wa Ulaya anaweza kuona ajabu tupu. Mtu wa Dar es Salaam au Goma anaijua ile hamu ya kujenga bila mkopo wa benki, mfuko mmoja wa saruji baada ya mwingine, na anaweza kuhesabu gharama kwa macho. Baki mbele ya picha ya namna hiyo mpaka uwe umeimaliza. Maandishi hayakimbii.

3. Uliza: aliyepiga alisimama wapi?

Kwangu hili ndilo swali kuu mbele ya picha yoyote ya mji. Chukua kazi ya Baloji ya mwaka 2013, Essay on Urban Planning, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015. Nusu ya picha zake zimepigwa kutoka angani juu ya Lubumbashi, na ukiwa huko juu unaona kitu ambacho mpita njia hawezi kukiona: alama ya ukanda mtupu uliotenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika enzi za ukoloni, mji ulipoitwa Élisabethville. Upana wake ulikuwa kiasi cha mita 500, kwa sababu wapangaji waliamini mbu wa malaria haruki zaidi ya hapo. Nusu nyingine ya picha ni masanduku ya makumbusho ya Lubumbashi yenye wadudu waliochomwa pini, mbu na nzi. Pamoja nazo kuna picha ya mwaka 1929: Waafrika wawili na lundo la nzi waliokufa. Mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya chakula ya siku.

Soma tena habari ya ukanda ule na ya nzi wale, halafu fikiria mtaa wako. Kwa nini uwanja wa gofu uko pale ulipo? Kwa nini barabara ile pana inaishia ghafla? Miji mingi ya Afrika Mashariki ilikatwa kwa hoja za afya za namna hiyo hiyo, na mikato haijafutika.

4. Siku na nauli

Majumba mengi ya makumbusho ya Brussels hufungwa Jumatatu. Kadhaa yana siku au jioni ya mwezi ya kuingia bure, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi. WIELS iko upande wa kusini wa mji, si mbali na stesheni ya Midi, na tramu inakushusha karibu. Ukimaliza, panda juu ya paa uutazame mji wenyewe.

5. Nenda na mzee

Ikiwa una baba mkubwa au shangazi aliyewahi kuishi kwenye kambi za wafanyakazi za Gécamines, kampuni ya machimbo ya Katanga, mshike mkono mwende pamoja. Mfululizo wa Baloji uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, umeunganisha picha za sasa za viwanda vya Lubumbashi vilivyochakaa na picha za zamani za wafanyakazi zilizotoka kwenye hifadhi za wakoloni. Wanaume wale wamesimama wakitutazama, na majina yao hayakuandikwa. Mzee anaweza kukuambia kazi ya kila mashine, king'ora kililia saa ngapi, mgawo wa unga ulikuwaje. Mwache aseme kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama ukumbi umenyamaza. Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu. Ningependa kila jumba linaloonyesha picha hizi liwe na kiti kwa ajili ya wazee hao.

6. Usiruke video

Kaa hadi mwisho. Sauti ya mji haimo kwenye fremu.

7. Malizia Matonge

Kutoka Porte de Namur unaingia Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Tangu tarehe 30 Juni 2018 kuna uwanja wenye jina la Patrice Lumumba hapo hapo mlangoni. Baada ya saa nzima ya kutazama picha, macho yako yatakuwa makali: utaona vioo vya saluni vilivyojaa picha za misuko, maduka ya vitenge, samaki waliokaushwa. Ukitaka kumpiga mtu picha, msalimie kwanza, umwombe. Akikataa, mshukuru uende zako.

8. Kama Brussels ni mbali

Mwaka 2008 Baloji na wenzake walianzisha Lubumbashi maonyesho yanayojulikana leo kama Biennale ya Lubumbashi, chini ya kikundi chao kiitwacho Picha. Ukiwa Ndola, Kolwezi au Mbeya, safari ya kwenda huko ni ya barabara. Hapo mwenye picha na mwenye mtaa wanaweza kukutana siku hiyo hiyo, na ukiona kosa kwenye maelezo ya ukutani, wa kumwambia yupo.