Linda Lengo Lako Kabla Mahindi Hayajauzwa

Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Songea na Mkoa wa Ruvuma

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha mkulima wa Peramiho anayetaka kuezeka nyumba kwa bati, mama wa Bombambili anayetaka mtaji wa genge, kijana wa bodaboda wa Mfaranyaki anayetaka pikipiki yake mwenyewe badala ya kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kila mmoja ana lengo. Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kulilinda lisiliwe na mambo ya kila siku.

1. Lengo hupotelea wapi?

Lengo likikwama, watu husema ni uvivu. Lakini mtu aliyelima ekari tatu kwa jembe la mkono, akapalilia, akavuna na kubeba magunia mwenyewe, uvivu wake uko wapi? Mara nyingi tatizo lake liko kwenye kalenda.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo fedha ya mwaka mzima huingia ndani ya miezi michache, na miezi hiyo ndiyo yenye shughuli nyingi:

- Januari hadi Machi: chakula kinapungua nyumbani, shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinahitajika. Mchuuzi anakuja kununua mahindi yangali mabichi shambani, kwa bei anayoitaka yeye.
- Mei hadi Julai: mavuno. Walanguzi wanapita vijijini na lumbesa, na mwenye shida ya haraka huuza kabla hajafikiri.
- Julai hadi Oktoba: fedha zipo mkononi. Kadi za harusi zinamiminika, ngoma zinachezwa, Nane Nane inafika, wauza simu na nguo wanajaa minadani, vilabu vinachangamka.
- Novemba: mvua inanukia, mbolea na mbegu zinahitajika, mfuko umekauka.

Mwaka ukizunguka hivi mara tatu, mtu huanza kuamini kwamba hana bahati. Kumbe amekuwa akiamua matumizi wakati mbaya kuliko yote: akiwa na noti mfukoni na watu mlangoni. Uamuzi wa lengo ufanyike mapema, mahindi yakiwa bado kihengeni.

2. Hatua nne za kufanya kabla ya kuuza

Kwanza, taja lengo kwa kitu na tarehe. "Nataka maendeleo" ni maneno ya mkutanoni. "Bati 40 na misumari ifikapo tarehe 30 Septemba" ni lengo. Ukilitaja hivi, utajua kila wiki kama unasogea au umesimama.

Pili, gawa kwa magunia, usisubiri fedha. Fedha haina jina, lakini gunia unaweza kuliandika jina. Chukua mfano wa kaya ya watu sita iliyovuna magunia 30: manane ya chakula, manne ya mbolea na mbegu za msimu ujao, matatu ya mahitaji ya shule, kumi ya bati, mawili ya michango na sherehe, matatu ya dharura. Andika kwa wino kwenye kila gunia. Gunia lenye neno BATI likiuzwa, fedha yake iende dukani kununua bati siku hiyohiyo.

Tatu, weka fedha mahali pagumu kufikia. Fedha iliyo kwenye simu hutoka kwa kubonyeza tu. Kwenye kikundi cha VICOBA, kisanduku huwa na kufuli tatu na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mtu mmoja hawezi kukifungua kwa hasira wala kwa furaha. Kikundi chenu kikipanga mgao uangukie Novemba, fedha itawafikia mbolea ikihitajika. SACCOS na akaunti ya benki ya muda maalumu hufanya kazi hiyohiyo. Wanaouza soya, ufuta au korosho kupitia AMCOS na stakabadhi ghalani hulipwa kwenye akaunti. Fedha ya lengo ibaki hukohuko mpaka siku ya kununua ulichokusudia.

Nne, mweleze mtu mmoja au wawili. Mume na mke wakae pamoja wakubaliane. Lengo ambalo mwenzako halijui, atalivunja bila kukusudia.

3. Vishawishi vitano na majibu yake

Michango. Kuchangiana ni heshima na ni bima yetu. Leo kwake, kesho kwako. Lakini kiasi kipangwe na wewe kabla ya msimu, si na kamati ya harusi. Jibu fupi lenye adabu linatosha: "Shemeji, kadi nimeipokea, hongereni sana. Mchango wangu ni huu, na siku yenyewe nitakuja kupika. Zaidi ya hapo mwaka huu sitaweza." Usieleze sana. Ukieleza sana utaanza kubembelezwa.

Simu. Mwanafunzi akisoma huku simu iko pembeni, kila mlio humtoa kwenye hesabu aliyokuwa akiifanya, na kurudi pale alipoishia huchukua muda. Simu ikae chumba kingine, au kwa mama, kwa saa mbili za kusoma. Mwenye duka au cherehani achague nyakati mbili kwa siku za kusoma ujumbe wa makundi. Mteja wa kweli atapiga.

Mikeka. Kampuni ya kubeti hupanga malipo ili mwishowe faida ibaki kwake. Anayeshinda leo hutangaza kijiwe kizima. Walioliwa hunyamaza, ndiyo maana huonekana kama wengi wanashinda. Kubeti siyo njia ya kupata mtaji. Na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kisheria kucheza michezo ya kubahatisha.

Mikopo ya kausha damu. Kabla ya kukopa, uliza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Usikabidhi kadi ya benki wala namba ya siri kwa mtu yeyote. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi waulize kwanza ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata kuhusu mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba.

Kilabu na kijiwe. Hakuna ubaya kukaa na wenzako. Ubaya ni kwenda na fedha ya lengo mfukoni. Siku ya mauzo pitia nyumbani au benki kwanza, kisha nenda kijiweni na kiasi ulichokusudia kutumia.

4. Tujifunze kwa Litowa

Mwaka 1960, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda kuanzisha makazi Litowa, hapahapa Songea. Jaribio la kwanza halikudumu. Mwaka 1961 walianza tena. Walipanga kazi kwa mikutano, wakajenga shule yao, na vijiji vingine vikafuata mpaka kukawa na Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma wenye vijiji zaidi ya kumi. Mwalimu Nyerere aliutazama kama mfano wa ujamaa vijijini.

Mwaka 1969 uongozi wa TANU uliuvunja umoja huo. Wanakijiji walikuwa wangali kazini. Hapo tunapata mafunzo mawili. La kwanza: kuanguka mara moja si mwisho, ilimradi unaporudi umerudi na mpango. La pili: yapo yaliyo nje ya uwezo wetu, kama bei ya mahindi, mvua na maamuzi ya wakubwa. Kwa hayo weka gunia la dharura na mpango wa pili. Nguvu zako zilizobaki zitumie kwa yale unayoweza kuyazuia mwenyewe.

5. Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Bei ikianguka nifanyeje?* Punguza ukubwa wa lengo, usilifute. Bati 20 mwaka huu na 20 mwakani ni nyumba iliyoezekwa. Fuatilia pia ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kabla ya kumpa mlanguzi mzigo wote.

*Nikiugua au nikifiwa?* Hiyo ndiyo kazi ya gunia la dharura. Likiisha, gusa la michango, na la lengo liwe la mwisho. La mbolea usiliguse, maana ndilo mavuno ya mwakani.

*Ndugu zangu wataniona mchoyo?* Wengine watasema hivyo kwa msimu mmoja. Toa kidogo ulichoahidi, kitoe kwa wakati, na fika kwenye shughuli zao. Anayetimiza ahadi ndogo huheshimiwa kuliko anayeahidi kikubwa akajificha.

6. Jaza mwenyewe, kisha bandika ukutani

Lengo langu mwaka huu ni: ______________
Litakamilika tarehe: ______________
Magunia au fedha niliyotenga: ______________
Nimeiweka wapi: ______________
Kiwango changu cha michango msimu huu: ______________
Aliyeshuhudia: ______________

Jaza ukurasa huu leo, kabla mnunuzi wa kwanza hajapiga hodi. Kama kuandika ni kazi, mwombe mtoto akuandikie, na yeye ajue bati au ada inatoka wapi. Kisha peleka kijitabu hiki kwa jirani.